Redio ya Mlimani Iliyowapa Majirani Kipaza Sauti

(Hotuba iliyotolewa Kericho mbele ya watangazaji wa redio za jamii na wapenzi wa muziki wa kantri)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, watangazaji wenzangu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie muziki wa kantri na redio, na baada ya kuitafakari mada hiyo nimeamua kuieleza kupitia kituo kimoja tu, kidogo, katika mji mdogo ambao wengi wetu hatujaukanyaga. Ningeweza kuanzia Nashville, kwenye kituo cha WSM na kipindi chake cha Grand Ole Opry kilichoanza mwaka 1925, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini habari za Nashville zimesimuliwa mara nyingi, na tena si kule ambako muziki huu ulizaliwa. Ulizaliwa vibarazani, makanisani na kwenye karamu za wavunaji, na redio iliyoubeba kwa uaminifu zaidi ni ile iliyokuwa jirani na vibaraza hivyo.

Wapenzi wa Jim Reeves waliomo humu ndani, nanyi ni wengi, mnajua sauti yake ilivyokuwa nyororo. Kabla ya kuwa nyota, Jim Reeves alikuwa mtangazaji katika kituo cha KGRI kwenye mji mdogo wa Henderson, Texas, na baadaye akatangaza katika kituo cha KWKH cha Shreveport, Louisiana. Ile namna yake ya kuimba akiwa karibu kabisa na kipaza sauti, kana kwamba anazungumza na mtu mmoja aliyeketi sebuleni, naamini aliipata katika kazi hiyo ya utangazaji. Kwa hiyo redio ya mji mdogo tumeisikia siku zote bila kujua kwamba tunaisikia.

Kituo ninachokusudia kukieleza leo kinaitwa WPAQ. Kiko Mount Airy, katika kaunti ya Surry, jimbo la North Carolina nchini Marekani, chini ya milima ya Blue Ridge, karibu sana na mpaka wa Virginia. Mount Airy ni mji wa mawe: lipo pale chimbo la matale lililo wazi juu ya ardhi, jeupe, kubwa kiasi kwamba wenyeji hulitaja kabla ya kutaja kitu kingine chochote. Kwa miaka mingi watu wake walifanya kazi katika chimbo hilo, katika viwanda vya soksi na katika mashamba ya tumbaku. Huko ndiko alikozaliwa mwigizaji Andy Griffith, na ndiko alikotoka Donna Fargo, mwimbaji wa kantri aliyevuma mwaka 1972. Hapa Kericho hatuhitaji kuelezwa sana maisha ya mji wa namna hiyo. Ni mji ambao watu huamka alfajiri kwenda kazini, mikono huchoka kabla ya moyo kuchoka, na jioni anayejua kupiga chombo hukitoa mahali kinapotundikwa.

Mwanzilishi wa kituo alikuwa Ralph Epperson, aliyezaliwa mwaka 1921 kijijini Ararat, upande wa pili wa mpaka, Virginia. Tangu utotoni alivutwa na redio, akawa anafanya majaribio ya kurusha sauti hewani akiwa nyumbani kwao shambani. Alisomea uhandisi wa redio, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani mjini Washington. Mtu mwenye ujuzi huo angeweza kubaki jijini na kupata mshahara mzuri. Yeye alirudi milimani kujenga kituo cha redio.

Alirudi wakati mlango umefunguka. Vita vilikuwa vimesimamisha karibu ujenzi wote wa vituo vipya, na vilipokwisha serikali ya Marekani ilianza kutoa leseni kwa wingi, zikiwemo za miji midogo ambayo haikuwahi kuwa na redio yake yenyewe. Kabla ya hapo mkulima wa Surry alisikiliza vituo vya miji ya mbali, akasikia hali ya hewa ya watu wengine na bei za masoko ya watu wengine. Kufikia mwaka 1950 Marekani ilikuwa na vituo zaidi ya 2,000 vya AM, na idadi hiyo ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile iliyokuwako vita vilipokuwa vikimalizika. Kimoja katika hivyo ni WPAQ, iliyoingia hewani tarehe 2 Februari 1948 katika masafa ya kilohezi 740, huku Epperson mwenyewe akiwa bado hajatimiza miaka thelathini.

Naomba nisimame kidogo kwenye namba hiyo ya 740, kwa sababu ndani yake limo jambo lililoamua maisha ya kituo kizima. Mawimbi ya AM mchana husafiri yakiambaa na ardhi, na yale yanayopanda juu humezwa na tabaka la chini la anga ambalo jua hulitia chaji ya umeme. Jua likitua tabaka hilo hufifia, na mawimbi yaliyokuwa yakimezwa hupaa hadi tabaka la juu zaidi, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana wazee wetu hapa, enzi za redio za mbao, walisikia vizuri zaidi vituo vya mbali usiku. Sasa, masafa ya 740 kwa makubaliano ya nchi za Amerika ya Kaskazini yalitengewa Toronto, Kanada, na hakuna kituo kidogo cha Marekani kilichoruhusiwa kuyachafua usiku. Kwa hiyo leseni ya WPAQ ilikuwa ya mchana. Kituo kiliamka na jua na kulala na jua. Mwezi Juni watu walikuwa na redio hadi baada ya chakula cha jioni. Mwezi Desemba ilizimika mapema, giza likiwa limeshafunga mabonde. Hata baadaye, kituo kilipokua na kufikia wati 10,000 mchana, sharti la usiku halikuondoka.

Wako wanaoliona jambo hilo kuwa kasoro, lakini mimi naliona tofauti. Redio inayolala jua linapotua huwaachia watu jioni yao, na jioni ndiyo iliyokuwa saa ya kujifunza fidla na banjo. Mtoto aliyesikia wimbo saa nane mchana alikuwa na muda wa kuutafuta kwenye nyuzi usiku huohuo, nyumba ikiwa kimya. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo mtindo wa eneo lile ulivyodumu, ila kila nikilifikiria silioni kuwa jambo dogo.

Muziki wenyewe unahitaji maneno machache. Magharibi mwa Mount Airy ipo sehemu iitwayo Round Peak, na mtindo wa huko ni fidla na banjo zikienda pamoja sauti kwa sauti, kama watu wawili wanaosimulia kisa kimoja bila kukatizana. Banjo hiyo, kama wengi wenu mnavyojua, asili yake ni Afrika ya Magharibi: watu waliotekwa na kuvushwa bahari kwa nguvu walikwenda na ujuzi wa vyombo vya kibuyu, ngozi na nyuzi, wakaviunda upya utumwani, na wazungu wa milimani wakajifunza kwao. Anayesema kantri ni muziki wa kigeni kwetu hajaisikiliza banjo ikipigwa kwa kucha pekee.

Epperson aliwafungulia mlango wapigaji hao. Tangu kituo kilipoanza kuliwekwa kipindi cha Jumamosi kinachoitwa Merry-Go-Round, jina la ile bembea ya kuzunguka ya watoto, na wanamuziki wa eneo walikuja kupiga moja kwa moja hewani. Hawakuwa watu wa kulipwa ili wawe nyota. Alikuwamo mfanyakazi wa kiwandani, fundi, mkulima wa tumbaku, mke wa mchungaji. Mpiga fidla Benton Flippen, aliyefariki mwaka 2011 akiwa na miaka tisini, alifanya kazi ya kiwanda cha soksi sehemu kubwa ya maisha yake na alisikika WPAQ kwa miongo mingi. Kipindi hicho hakijafa. Sasa hufanyika katika ukumbi wa zamani wa sinema uitwao Earle, katika barabara kuu ya mji, na ni miongoni mwa vipindi vya muziki wa moja kwa moja vilivyoishi muda mrefu kuliko vyote katika redio za Marekani. Kabla hakijaanza, wapigaji huketi kwa duara tangu asubuhi na yeyote mwenye chombo huruhusiwa kuingia. Kinapoanza, wazee hushuka kwenye nafasi iliyo mbele ya jukwaa na kucheza ule mchezo wa nyayo, visigino vikigonga sakafu ya mbao, na kipaza sauti hunasa hata mgongano wa viatu hivyo, ukawa sehemu ya ngoma yenyewe.

Siku za kazi kituo kilifanya yale ambayo sisi wa redio za jamii tunayajua kama vidole vya mikono yetu. Kilisoma matangazo ya vifo. Kilitangaza ibada, kikawapa wahubiri na kwaya muda wao siku ya Jumapili, kikatoa habari za mji na za mashamba. Mtangazaji asiyejua uzito wa tangazo la kifo hajawahi kuketi studioni na karatasi mkononi, huku jamaa wa marehemu wamesimama mlangoni wakihakikisha kwamba jina la mjomba halikurukwa. Katika redio ya mji mdogo muziki na matangazo hayo ni kitu kimoja, kwa sababu aliyepiga fidla Jumamosi ndiye atakayesomwa siku yake ikifika, na anayesikiliza alimjua kwa yote mawili.

Majaribu yalikuja. Miaka ya 1950 ilileta roki na televisheni, na vituo vingi vya miji midogo viligeuza tanga kufuata upepo. Wamiliki walishauriwa wapige nyimbo zilezile chache zinazovuma, saa ishirini na nne, kwa kuwa ndivyo wauza matangazo walivyotaka. Kantri yenyewe ilibadilika: Nashville ilileta vinanda vya bendi kubwa na waimbaji wa kuitikia nyuma, fidla ikapunguzwa, banjo ikaonekana ni jambo la kishamba. Epperson alibaki na fidla, banjo, bluegrass, ule muziki wa kasi wa vyombo vya nyuzi, na nyimbo za injili. Hakuwa mtu asiyejua biashara, kwa maana kituo chake kilijilipia kwa matangazo ya maduka ya pale pale, lakini aliamini kwamba muziki wa majirani zake ulikuwa na thamani hata siku ambayo majirani wenyewe walianza kuuonea haya. Kisha mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano ikaondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima. Kikomo kilikuwa 40, na katika miaka michache kampuni moja tu, Clear Channel, ikawa na vituo zaidi ya 1,200. Miji mingi ilibaki na mnara na jina la kituo, huku sauti ikitoka kwenye kompyuta ya jiji la mbali, isiyojua nani amefariki wala mto gani umefurika. WPAQ ilibaki mikononi mwa familia. Ralph Epperson alipofariki mwaka 2006, mwanawe Kelly aliendelea na kazi.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma, na mtaniwia radhi nikikawia hapa.

Epperson alirekodi. Katika miaka ile ya kwanza kurekodi hakukuwa kubonyeza kitufe. Ilikuwapo mashine nzito, na juu yake sahani ya alumini iliyopakwa rangi laini ya laka. Sindano ilichimba mfereji mwembamba kadiri sahani ilivyozunguka, na nyuma ya sindano uzi mweusi wa laka ulijiviringa kama unywele, nao ilibidi uondolewe kwa brashi taratibu bila kuacha, kwa kuwa ukinaswa na sindano wimbo umekwisha na sahani imekwisha. Nafasi ya kukosea haikuwapo. Baadaye ukaja mkanda wa sumaku. Kwa njia hizo sauti za watu ambao hakuna kampuni ya santuri iliyowahi kuwatafuta zilihifadhiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Rounder ilitoa mkusanyiko wa rekodi hizo, ukibeba jina ambalo kituo kimejiita siku zote: sauti ya milima ya Blue Ridge.

Mimi niliwahi kufanya kazi katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Kila mwezi alikuwa akija mzee mmoja mwenye gitaa la nyuzi tano, wa sita ulikatika zamani na hakuurudisha kwa sababu alikwisha kuzoea kuishi bila huo. Alipiga nyimbo za mavuno ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine, na tulimrekodi kwa mkanda kwa zaidi ya miaka miwili. Siku moja mikanda mipya ilichelewa, matangazo ya kibiashara yalihitaji kurekodiwa, na mikanda ya mzee ikatolewa rafuni ikafutwa. Mimi nilikuwa zamu. Niliandika kwa kalamu juu ya kasha, nikakata jina lake, nikaandika jina la sabuni. Mzee alipofariki, binti yake alikuja kutuomba wimbo mmoja wa kupigwa matangani, na hatukuwa nao. Alisimama pale mapokezi kwa muda, akatushukuru, akaondoka. Tangu siku ile nimekuwa nikiwatafuta watu duniani ambao hawakufuta, na hivyo ndivyo nilivyofika kwa WPAQ.

Wala si kwamba wapigaji wa Surry walijulikana wakati wanarekodiwa. Tommy Jarrell, mpiga fidla na banjo wa eneo la Round Peak, aliendesha greda la barabara kwa miaka mingi, na ni baada ya kustaafu ndipo vijana kutoka pande zote za Marekani walipoanza kumiminika nyumbani kwake kujifunza, akiwapikia na kuwalaza. Mwaka 1982 alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa utamaduni, katika kundi la kwanza kabisa lililopewa tuzo hiyo. Alifariki mwaka 1985. Mtindo alioufundisha ndio ule ambao redio ya mji wake ilikuwa ikiurusha hewani tangu mwaka 1948, bila kungoja taifa liutambue.

Mtaniuliza, haya yote yana uhusiano gani nasi tulioketi Kericho? Uhusiano upo, nao uko karibu kuliko mnavyodhani. Mapema mwaka 1927 kijana mmoja mgonjwa wa kifua kikuu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alipewa nafasi ya kuimba katika kituo kipya cha WWNC cha Asheville, mji mwingine wa milima ya Blue Ridge, jimbo hilohilo la North Carolina. Jina lake lilikuwa Jimmie Rodgers. Miezi michache baadaye, mwezi Agosti, alirekodiwa mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, na santuri zake zikaenea duniani. Alifariki mwaka 1933, lakini santuri hazikufa naye. Nyingine zilifika huku kwetu pamoja na gramafoni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakiimba juu ya Chemirocha kwa mlio wa chepkong', kinubi chetu. Chemirocha ni Jimmie Rodgers kwa matamshi yetu. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimdhania Chemirocha kuwa nusu mtu na nusu paa. Mimi sina hakika kwamba mgeni aliuelewa mzaha wao wote, lakini namshukuru kwa moyo wangu wote kwa kuwa na mashine na kwa kutofuta. Baada ya zaidi ya miaka 60 nakala za rekodi zile zilirudishwa Kapkatet, na wazee walizisikia kwa masikio yao.

Wazee mnaotoka upande huo mnajua kwamba waliokuwapo siku ile wanazidi kupungua. Ombi langu kwa vituo vilivyowakilishwa hapa ni la kazi tu: kila kituo kitenge saa mbili za Jumamosi, mlango wa studio uwe wazi, atakayekuja na chombo apige, na kila kitakachopigwa kinakiliwe mara mbili na nakala moja iwekwe nje ya jengo la kituo. Vifaa vya kufanya hivyo leo vinaingia mfukoni. Nimekwisha kuzungumza na vijana wawili wa hapa kuhusu kuanza na wapiga chepkong' waliobaki, na watakaotaka kujiunga wanione kabla hatujatawanyika.

Naona saa ya ukutani inakaribia kumi na mbili jioni. Huko Mount Airy, kwa majira haya ya kiangazi chao, inakaribia saa tano asubuhi, na leo ni Jumamosi. Kituo siku hizi husikika pia kwa intaneti, na fundi wetu amekwisha kuunganisha spika zile mbili za pembeni. Naomba mnyamaze kidogo. Mtakachosikia kwanza ni watu wakivuta viti, kisha mtu atatia fidla sauti.